Pua ya Somo Yangu

Somo yangu alikuwa ananusa. Watu wengine huingia nyumba ya mtu kwa hodi, yeye aliingia kwa pua. Alivua makubadhi mlangoni, akasema "Hodi wenyewe," na kabla hujamkaribisha alikwisha kupita ukumbini, yuko chumbani kwangu, ameinua shuka ya mwanangu Nasri kwa mikono miwili. Hakuinusa kwa mbali. Aliizamisha pua humo, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akatulia, kisha akatangaza: "Kakojoa." Utadhani mimi sikuwa na macho, na lile duara la njano halikuwa pale katikati ya kitanda.

Asiye wa pwani atauliza mwanamke huyu alikuwa nani hata ajiingilie chumbani kwangu. Hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Alikuwa somo, yule mwanamke mzima ambaye mwari hukabidhiwa kabla ya harusi, amsinge mwili kwa liwa, amwoshe, amfunde yale ambayo mama mzazi huona haya kuyataja. Kazi yake haiishi siku ya harusi. Ukizaa, ndiye anayekukanda kwa maji ya moto. Mtoto akikushinda, ndiye anayeitwa. Na somo hajibiwi. Keshakuona uchi, utamjibu nini?

Mimi nilikuwa namstahi na nilikuwa namwonea kinyaa, vyote viwili kwa pamoja, na kinyaa ndicho kilichokuwa kikubwa. Nasema wazi kwa sababu mtaa wetu wote wa Ngamiani wanamsifu, na mimi nimechoka kuitikia.

Alikuwa mtu wa kutafuna tambuu. Alitembea na kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka chini ya kiti chochote alichokalia, na katikati ya maneno, hata ya maana, aliinama akatema. Kopo lile halikuwa na kifuniko. Siku moja nilikuwa nafagia nikalipiga kwa ufagio, likamwagika kwenye zulia jipya ambalo Baba Nasri alilileta kutoka safari. Somo akaliangalia lile ziwa jekundu likienea, akasema, "Maji ya mdomoni hayo, mwari wangu, si sumu." Akaendelea na habari zake. Zulia lile nilimpa mtu. Hata lilipofuliwa likatakata, sikuweza kulikanyaga tena.

Tena mikono. Atamgeuza mtoto, atapapasa godoro, atakamua nguo iliyolowa, halafu utamsikia jikoni anauliza unga uko wapi, anataka kukanda visheti. Kati ya godoro na unga kulikuwa na kata moja ya maji, tena ya kumwagia vidole tu. Mume wangu alivila visheti vile akavisifu kwa utamu. Mimi nilisema nimefunga. Nilifunga sunna nyingi mno mwaka ule.

Lakini usidhani alikuwa mchafu kwa hesabu yake mwenyewe. Kwenye twahara alikuwa mkali kuliko maalimu. Tone la maji ya mtaro likimrukia pindo, aliomba kanga nyingine. Hakukubali kuswali nyumbani kwangu. "Sakafu hii ina shaka," alisema, na alikuwa ametoka kunusa shuka dakika ile ile. Atakwenda kwa jirani kuazima mkeka na mahali pa kuswalia, na njiani atamweleza jirani kwa nini. Ndivyo mtaa wote ulivyojua mwanangu anakojoa.

Alichokichukia zaidi duniani ni pampasi. Mkojo wa mtoto kwake ulikuwa "maji yaliyopotea njia", lakini pampasi ilikuwa uchafu wa watu wavivu. "Mnauvisha mwili choo," alinambia, "kisha mnaulaza nacho." Mimi nauza vitu vya watoto dukani, mafuta, chupa, pampasi za kila saizi, na aliyasema hayo mbele ya wateja wangu. Na kisha, ndivyo alivyokuwa, akiikuta pampasi iliyotumika aliifungua. Aliitandua pale pale barazani aone kilichomo, akitikisa kichwa, watu wanapita na baiskeli zao.

Jambo lenyewe la Nasri lilikuwa hivi. Alikuwa anakaribia miaka mitatu. Mchana alikwisha kujua, akisikia haja anakimbilia poti, tena kwa mbwembwe. Kulala ndiko kulikomshinda, ikawa kila akilala tunamvisha. Ikaja kaskazi, na joto la Tanga wakati wa kaskazi mnalijua wenyewe. Mapaja yakachubuka. Nikimsogezea pampasi alijifunika kwa viganja viwili na kusema, "Mama, inauma." Ilikuwa lazima avuliwe, hilo sikulibishia.

Nilichokuwa nakiogopa ni namna ya kumvua. Mdogo wangu wa kiume alichelewa kuacha kukojoa kitandani. Siku moja watu wazima walimtwika godoro kichwani wakamtembeza mtaani, watoto nyuma wanamwimbia wimbo wa kikojozi, na wanawake wamejipanga milangoni na makofi yao. Sasa ana mke na ndevu, na mpaka leo halali ugenini. Msiba ukitokea Pangani, atakwenda, atazika, na jua likizama atatafuta gari la kurudi. Nilijiapia mwanangu hatafanyiwa hivyo. Atakauka, lakini bila kuchekwa.

Mama yangu akamwita Somo. Sikuulizwa. Nilimwona tu anafika, amekaa upande kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mjukuu wake, mwavuli wazi, kopo mapajani.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Yuko wapi huyo bwana mkojo?"

Nasri alikuwa nyuma yangu. Nikahisi mkono wake unaishika kanga yangu na kuivuta.

Akakaa kwetu. Alikuwa na misemo kwa kila kitu, na mingi ukiichunguza haikuwa na kitu ndani. "Mtoto hafundwi usiku, hufundwa jioni," alisema. Basi jioni zikawa zake. Mimi duka nalifunga baada ya isha, na nikirudi nilimkuta mtoto kalala, hana pampasi, na Somo yuko kizingitini ananambia, "Leo hakojoi. Nimemaliza naye."

Asubuhi kitanda kilikuwa bahari. Sitii chumvi. Zamani pampasi ya usiku ilitosha kumfikisha asubuhi, sasa mkojo ulifika mpaka miguuni pa kitanda na kuchuruzika sakafuni. Godoro letu lilikuwa la sufi, urithi wa bibi yangu, na sufi ikilowa hunuka kama beberu aliyenyeshewa. Nilichoma udi, nilichoma ubani, nikaweka karafuu kwenye foronya. Ikawa harufu ya mkojo wenye karafuu. Nguo zangu za dukani zikaanza kunuka, au nilidhani zinanuka, nikawa nasimama mbali na wateja. Chakula hakikupita. Na kila alfajiri, kabla hata ya salamu, pua ile inaingia: inavuta, inatulia, inatangaza. Akishatangaza alimwita Nasri aje anuse mwenyewe. "Njoo unuse kazi yako." Mtoto alisogea, akainama, akanusa. Nilimtoa mara ya kwanza kwa nguvu. Mara ya pili mama yangu alinishika mkono: "Mwache, huyo ni somo yako."

Haki yake nitampa, maana na yeye ana haki. Nilipomzaa Nasri nilichanika vibaya, na kidonda kikavunda. Harufu niliyokuwa nayo mimi mwenyewe ilinikimbiza, ila sikuwa na pa kukimbilia. Mawifi walinisalimu kutoka mlangoni. Mama yangu aliyenizaa aliingia na upindo wa kanga puani, na simlaumu. Somo alikuja, akakaa kitako mbele yangu na karai la maji yenye majani ya mwarobaini, akaniosha asubuhi na jioni mpaka nikapona. Uso wake ulikuwa karibu kabisa. Hakufunika pua, hakugeuka, hakubana pumzi hata mara moja. Alikuwa anazungumza habari za bei ya nazi. Kwa hiyo nikisema mwanamke huyu hakuwa na kinyaa, nasema kwa ushahidi, na ndiyo maana maneno mengi niliyomtungia yalibaki tumboni.

Halafu ikaja Ijumaa ya chura.

Nilitoka dukani baada ya adhuhuri. Tangu kona ya mtaa nikasikia watoto wanaimba, na wimbo niliutambua kabla sijasikia neno. Nikaongeza mwendo. Barazani kwangu palikuwa na kundi la watoto, na wakubwa wawili watatu wanaojifanya wanapita. Somo amekaa kwenye kigoda. Nasri amesimama mbele yake, kifua wazi, na kiunoni amefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa kitu kinatikisika. Ni dawa ya zamani, mtoto akikojoa kitandani hufungiwa chura hai kiunoni, aingiwe na hofu, mkojo ukimbie. Nilikuwa nimeisikia ikisimuliwa. Sikuwahi kudhani nitaiona kwenye ngozi ya mwanangu, kwenye mapaja yale yale yaliyochubuka.

"Somo, mfungue!"

"Tulia, mwari wangu. Bado hajaogopa."

Na kweli, Nasri hakuonekana ameogopa. Alikuwa ameinamisha kichwa anachungulia kwenye kitambaa. Kichwa cha chura kilikuwa kimetokeza, na mtoto anakigusa kwa kidole, taratibu. Somo akaona dawa haijaingia, akaingiza mkono ili akikaze kitambaa. Chura akishikwa hufanya kama chura. Akamkojolea. Mkojo ukamiminika kwenye kiganja chake, ukashuka na kiwiko, ukaingia kwenye mkono wa gauni.

Nyimbo zikakatika. Nasri akanyanyua uso akasema kwa sauti safi, "Bibi, na yeye kikojozi!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, japo machozi yalikuwa karibu. Somo hakucheka. Uso wake ulikunjamana kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, mdomo ukashuka, mkono ukabaki hewani mbali na mwili, akakimbilia uani. Nilimkuta kisimani anausugua kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa mchanga, na huku anatema mate chini. Mwanamke aliyezamisha pua kwenye shuka za mtaa mzima! Kumbe kinyaa alikuwa nacho, amekiweka akiba kwa ajili ya chura.

Chura tulimwachia mtaroni. Nasri alimpungia mkono.

Nilidhani baada ya hapo ataondoka kwa aibu. Hakuondoka. Ilikuwa umeme ulipokatika mtaa wa duka langu, nikafunga mapema, ndipo nilipolijua lile alilolifanya jioni zote. Niliingia kwa mlango wa uani. Somo yuko chini ukutani, amempakata Nasri, na amemshikia dafu mdomoni. Si gilasi, dafu zima, limekatwa kichwa. Maji yanamtiririka mtoto kidevuni.

"Kunywa, kunywa yote, uchafu utoke."

"Nimeshiba, Bibi."

"Kunywa."

Kando yao kulikuwa na dafu jingine, tupu, na nyuma ya pipa la taka makumbi ya madafu ya siku zilizopita, yamejaa nzi na utomvu uliochacha. Mwenyewe nilikuwa nikinusa uchachu ule uani na kudhani ni mkojo umefika mpaka huko.

"Somo, mnafanya nini?"

"Namsafisha," alisema, wala hakushtuka. "Dafu huosha njia ya mkojo. Njia ikishakuwa safi, hana cha kukojoa."

"Kila jioni?"

"Tangu nimefika. Mawili, na siku nyingine matatu, kama muuzaji analo zuri."

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Nilimwona mwanangu akiitwa alfajiri kuja kunusa. Nilimwona barazani na kitambaa kiunoni. Madafu mawili magharibi, kisha mtoto wa miaka mitatu anaulizwa kwa nini amelowa! Mdomo wangu ulifunguka. Nikaiona ile mikono, vidole vilevile, na karai la mwarobaini, na mdomo ukajifunga. Nikamchukua Nasri, nikaingia naye ndani, nikatapika kwenye beseni. Nasri alisimama pembeni ananipapasa mgongo.

Mama yangu ndiye aliyemwondoa, kwa adabu. Alimtafutia mwari wa kufunda huko Ushongo, familia ya heshima, wana haraka. Somo akapanda baiskeli na kopo lake. Godoro la sufi nililichana, sufi nikaichoma moto nyuma ya nyumba, na moshi wake sitaki kuukumbuka. Nasri nikamtandikia mkeka juu ya nailoni. Kunywa ikawa mwisho magharibi, kojo moja kabla ya kulala, na mimi nikienda kulala namshika mkono namsindikiza chooni macho yamefumba. Asubuhi akiwa amelowa, nilitandua nikatandika, nikamwambia amka tukaoge. Alikuwa anainama kunusa mkeka kabla ya kunitazama. Ilichukua muda mrefu kumwachisha kunusa kuliko kumwachisha kukojoa.

Alipokauka, habari ilifika Ushongo kabla sijaituma mimi. Somo akaipokea kama mali yake. Kwenye kila shughuli alieleza jinsi chura wa Ngamiani alivyomkausha mtoto wa mwari wake. Wanawake walikuja dukani kuniuliza alikuwa chura wa namna gani, wa bwawani au wa mtaroni. Nikasikia barabara ya pili kutoka kwetu kuna mtoto wa kike kafungiwa chura, na ushahidi ulikuwa mwanangu. Niliwaambia waliokuja kwangu: acheni kunywesha watoto jioni, basi. Walinitazama kwa huruma. Mwari anamkanusha somo yake!

Mwaka huu nikaambiwa Somo hajiwezi, amepelekwa kwa binti yake Muheza. Nilikwenda na Nasri, ambaye sasa yuko darasa la pili na anajiona mtu mzima. Ulikuwa msimu wa machungwa, na nyumba ile ilinuka maganda ya machungwa na kitu kingine chini yake, kitu nilichokijua mara moja. Binti yake alitupokea mlangoni.

"Mama sasa hazuii," alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Tumemvisha pampasi. Wajukuu wanamwita bwana mkojo." Akacheka. Watoto wawili waliokuwa ukumbini nao wakacheka, na mmoja akaanza ule wimbo. Hakuna aliyemkemea. Nilimtazama yule binti na kicheko chake, na kichefuchefu cha miaka ile kikarudi chote.

Somo alikuwa amelala ubavu, amepungua. Kopo halikuwepo. Midomo yake ilikuwa imepauka bila tambuu.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu." Pua ikavuta, dhaifu. "Umejifukiza udi. Mzuri." Kisha, chini kwa chini, "Nanuka?"

"Hunuki," nilisema. Alinuka. Alinuka mpaka macho yangu yaliwasha.

Kwenye stuli kando ya kitanda palikuwa na dafu, limekatwa, na mrija ndani. Nasri aliliona. Alisogea akalichungulia, akamtazama Somo kwa uso wa mtu anayejua jambo.

"Bibi, usinywe dafu jioni," alisema. "Mimi niliacha madafu, nikakauka."

Macho ya Somo yalitoka kwa mtoto yakaja kwangu, yakakaa. Sikumsaidia. Nilimwona anarudi nyuma, jioni moja baada ya nyingine, mpaka uani kwangu.

"Si chura?" aliuliza.

"Si chura," Nasri alisema. "Chura alikuwa rafiki yangu. Chura mimi sikumwogopa. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Alisema bila uchungu, kama anavyosema jina la shule yake. Somo akafumba macho. Wimbo huko ukumbini ulikuwa bado unaendelea. Nikakumbuka nilichokuja nacho: nguo safi na sabuni; maji ya moto nilikwisha kumwomba binti yake. Nikavuta shuka niiinue. Harufu ikapanda yote kwa pamoja, ya pampasi iliyovaliwa tangu jana, nzito.

Mkono wake ukatoka, ukaishika shuka. Mkono ule ule. Ulikuwa hauna nguvu, lakini haukuachia.

"Mwari wangu," alisema. "Mtoe mtoto kwanza."

Nikamtoa Nasri. Nikawafukuza na wale wa ukumbini, nikafunga mlango. Kisha nikarudi kitandani, nimebana pumzi.